Maneno ya Mpigapicha Msafiri

Kazi ya kutafsiri maandishi ya utalii inaongezeka mwaka hadi mwaka, na pamoja nayo yanaongezeka maswali tunayoletewa kuhusu istilahi za upigaji picha. Zamani maneno haya yaliwahusu watu wachache wenye studio mijini. Leo kila mwenye simu ya mkononi ana kamera, na wapo wengi wafungao safari makusudi ili wapige picha: mwalimu wa Morogoro aendaye Kilwa Kisiwani wakati wa likizo, mwanafunzi wa Nairobi aendaye Lamu, na mgeni wa ng'ambo ashukaye bandarini Unguja na begi lake mgongoni. Msafiri wa namna hii hana mtembezaji wa kumweleza lipi linaruhusiwa na lipi limekatazwa. Huongozwa na kibao kilichobandikwa ukutani, karatasi ya masharti aliyopewa mlangoni, na maelezo ya kamera yake. Maneno hayo yakiwa mabovu, atakayepata hasara ni yeye, au yule aliyepigwa picha bila ya kutaka. Kwa hiyo tutayajadili hapa yale yenye utata, na kuyaacha yasiyo na ubishi kama vile kamera, lenzi, albamu na studio.

Tuanze na mwenyewe. Tafsiri nyingi humwita "msafiri wa kujitegemea". Si kosa, lakini tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno kujitegemea limebeba uzito wa siasa na uchumi, na msomaji wa Tanzania aweza kudhani kwamba anayetajwa ni mtu asiyetaka msaada wa fedha. "Msafiri huru" ni baya zaidi, maana humfanya mtu aulize amefunguliwa kutoka wapi. Kinachokusudiwa ni mtu ambaye hakununua safari iliyokwisha kupangwa na kampuni. Hupanga mwenyewe njia, siku na mahali pa kulala. Sisi twapendelea kusema msafiri wa kujipangia. Neno mtalii nalo lisidharauliwe. Katika kamusi za zamani kutalii kulikuwa ni kusoma na kuchunguza kitu kwa makini, na mtu asimamaye nusu saa mbele ya mlango wa nakshi akitafuta pembe ya kuupigia picha anastahili jina hilo kuliko yule apitaye ndani ya basi.

Gumu zaidi ni neno la kueleza kwamba mtu huyu hupiga picha kwa kupenda tu. Kamusi hutupa uraibu. Asili yake, uraibu ni kile mtu akitumiacho kwa starehe na kukizoea: tambuu, tumbaku, kahawa. Maana hiyo ingetufaa, lakini katika magazeti na hospitali neno hili sasa limeshikamana na dawa za kulevya, hata mtu akisoma "uraibu wa kupiga picha" huenda akawaza kutafuta tiba. Hatudai kwamba lifutwe. Twasema tu kwamba katika kijitabu cha kuwaalika wageni halifai. Lipo neno ambalo wanamichezo wamekwisha kulizoea, nalo ni ridhaa. Husema bondia wa ridhaa na bondia wa kulipwa. Basi na tuseme mpigapicha wa ridhaa na mpigapicha wa kulipwa. Neno hili tutalirudia, kwa sababu lina maana nyingine ambayo katika kazi hii haiwezi kukwepwa.

Sasa tukiangalie kitendo chenyewe. Kiswahili kilikwisha kuchagua kitenzi piga, kama kilivyochagua kupiga pasi, kupiga simu na kupiga deki, wala hapakuwa na haja ya kubadili. Hata hivyo katika tafsiri za siku hizi imeenea "kuchukua picha". Kuchukua picha ni kuiondoa mahali ilipo. Tuseme jumba la makumbusho linauza kadi za picha karibu na mlango, na ukutani pana kibao kisemacho "Usichukue picha". Msomaji wa Kiswahili atazuia mkono wake usiguse kadi, kisha atatoa kamera yake bila ya wasiwasi wowote. Hakuvunja amri aliyoisoma. Aliyeiandika ndiye aliyeandika amri nyingine.

Aidha, piga hukubali viambishi ambavyo huondoa utata bila ya kuongeza neno hata moja. Kumpiga mtu picha ni kuifanya sura yake itokee katika picha. Kumpigia mtu picha ni kuipiga kwa ajili yake. Kujipiga picha ni kile ambacho vijana hukiita selfi. Nyumba ya wageni ikitangaza kwamba "wageni watapigwa picha", wengine watakasirika, na wana haki. Ikitangaza kwamba "wageni watapigiwa picha", imewaahidi huduma. Tofauti ni silabi moja. Mtafsiri anayefanya kazi kwa haraka huiona kuwa ndogo, lakini mgeni anayetia sahihi fomu hawezi kuiona hivyo.

Neno filamu nalo lina kasoro yake. Ni ule ukanda uliokuwa ukitiwa ndani ya kamera, na pia ni mchezo wa sinema. Sehemu nyingi za hifadhi na za mambo ya kale huwa na masharti tofauti kwa picha za kumbukumbu na kwa kazi ya filamu ya kibiashara. Msafiri wa ridhaa mwenye kamera ya zamani, na sasa wapo vijana walioirudia kamera ya ukanda, akisoma kwamba "filamu zahitaji kibali", hatajua kama ni yeye anayeambiwa. Tushike basi picha mnato kwa picha isiyosogea na picha jongefu kwa inayosogea, ambayo yanaeleweka, na filamu ibaki kwa sinema. Ule wa kutiwa ndani ya kamera uitwe ukanda wa picha.

Katika maelezo ya kamera, mambo matatu huleta taabu, nayo yote huhusu kiasi cha mwanga. La kwanza ni tundu la lenzi ambamo mwanga hupita. Hupimwa kwa namba kama 2.8, 4, 5.6 na 8, na wanafunzi wengi hushangaa kwamba namba ikizidi tundu hupungua. Mwalimu awaeleze kwamba namba hiyo ni ya kugawanya: tundu la 8 ni sehemu moja kwa nane ya urefu wa fokasi ya lenzi. Kutoka 2.8 hadi 8 mwanga hupungua takriban mara nane. La pili ni kile kipande kinachofunguka na kujifunga mara mtu abonyezapo kitufe. Tunapendekeza kiitwe kilango, na muda wake uitwe muda wa kilango. Kwa mtoto anayekimbia muda wa sekunde 1/500 huweza kumgandisha. Katika 1/30 atakuwa ukungu. La tatu ni wepesi wa ukanda, au wa kihisio katika kamera za kidijitali, wa kupokea mwanga. Twatumia wepesi, wala si kasi, kwa kuwa kasi tumekwisha kuihitaji kwa mambo yanayokwenda.

Mambo haya matatu hushikana. Msafiri aliyesimama katika kichochoro cha Mji Mkongwe wa Unguja, kati ya kuta za mawe ya matumbawe, huwa kivulini hata mchana, na juu yake pana ukanda mwembamba wa mbingu unaowaka. Akifungua tundu sana, mlango wa nakshi wa karibu utaonekana wazi na mwisho wa kichochoro utafifia. Akilibana, yote mawili yatakuwa wazi, lakini kilango kitabidi kikae wazi muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika kidogo picha imeharibika. Au itambidi aongeze wepesi, na picha iingie chembechembe. Aliyeelezwa hivyo kwa Kiswahili huweza kuchagua. Aliyepewa rundo la vifupisho vya kigeni hurudi kuiachia kamera ijiamulie.

Juu ya mwanga wenyewe, hapa ndipo tunapoona watafsiri wakikopa pasipo sababu. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya na Marekani husifu mwanga wa jua linapokaribia kuchomoza au kutua, ambao huwa wa manjano na wekundu kwa kuwa miali hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, na rangi ya buluu hutawanyika njiani. Kipindi hicho sasa kinaitwa katika tafsiri zetu "saa ya dhahabu". Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, si saa. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi sita za mwisho juu ya upeo wa macho humalizika kwa dakika kama 25 tu. Katika nchi za kaskazini, ambako jua hushuka kwa mshazari, kipindi hicho hurefuka. Msafiri aliyekwenda Kilwa kupiga picha za Msikiti Mkuu, akitumaini kwamba ana saa nzima, atakuta giza linamkuta angali akifungua begi. Pili, Kiswahili kina majina yake. Tunayo mapambazuko, mawio, mafungulia ng'ombe, jua la utosi, alasiri, machweo na utusitusi. Kila moja ni aina yake ya mwanga. Jua la utosi ndilo lile linalotia vivuli vyeusi chini ya nyusi na kofia, na jina lake pekee lamtosha mpigapicha kama onyo. Tuandike mwanga wa machweo, nasi tutakuwa tumesema tukijuacho.

Hapohapo mtafsiri ajihadhari na saa. Maelezo ya kigeni yakisema kwamba mwanga mzuri hupatikana saa 6, haya na yageuzwe kwa mujibu wa hesabu ya Waswahili na kutajwa asubuhi au jioni. Tumepata kuona ratiba iliyowapeleka watu kwenye mawio kwa wakati wa chakula cha mchana.

Neno moja tunaliacha kama lilivyo kwa heshima. Katika studio, ukanda uliokwisha kutumika ulitiwa katika dawa na kuoshwa kwa maji, na watu wakasema kusafisha picha. Wengine husema kuosha. Studio kama Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, zilifanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Sasa dawa na maji havipo mahali pengi, lakini mtu bado huenda kusafisha picha zake za simu, maana yake kuzitoa katika karatasi. Katika mazungumzo halina taabu. Katika maelezo ya mitambo tuseme kuchapa picha, kwa sababu "safisha" hapo huweza kueleweka kuwa ni kufuta, na msafiri atakuwa amepoteza picha za safari nzima kwa neno moja.

Tunarudi kwenye ridhaa. Watumishi wa serikali wanaoandika masharti huchanganya ruhusa, idhini, kibali na ridhaa kana kwamba ni neno moja lililovaa nguo nne. Twashauri zitengwe. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka ya mahali. Idhini ni ukubali wa ofisi. Kibali ni hati yake. Ridhaa ni ya mtu mwenyewe, nayo haiwezi kutolewa na mlinzi wa lango wala kununuliwa pamoja na tiketi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zote huihesabu ridhaa ya mhusika kuwa mojawapo ya misingi ya kutumia taarifa zake. Sura ya mtu katika picha yaweza kuwa mojawapo ya taarifa hizo. Karatasi isemayo "kibali hiki kinaruhusu kupiga picha mjini" imetaja mji tu. Haikumtaja mama auzaye vitumbua barazani, wala wazee wachezao bao. Iongezwe: "Kibali hiki si badala ya ridhaa ya mtu anayepigwa picha." Na kibao kiandikwe: "Usipige watu picha bila ya ridhaa yao." Kwa majengo yanayolindwa, "Ni marufuku kupiga picha" yatosha, bila ya tafadhali.

Juu ya kilango hatujaridhika bado. Mafundi wa zamani wa Mombasa, Tanga na Unguja lazima walikuwa na neno lao, na msomaji alijuaye tunamwomba atuandikie, akitaja mji na namna lilivyotumika.