Picha Zisizo na Sura

Picha nyingi tunazozijua zina sura. Tunaona mtu, ng'ombe au mti. Lakini ziko picha zisizo na sura ya kitu chochote. Zina rangi, mistari na mikwaruzo tu. Mtu akiziona huuliza, "Sasa hii ni picha ya nini?" Ili tuelewe, tuanze na ukuta wa nyumba.

Katika vijiji vya Tarime na Serengeti bado ziko nyumba zinazosiribwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Mama akisiriba, hupitisha vidole katika udongo mbichi, na alama hubaki. Pengine chini hupaka udongo mwekundu, juu mweupe. Hakuchora mtu wala mnyama. Hata hivyo mgeni akifika husema, "Nyumba hii imependeza!" Basi, hiyo ni picha isiyo na sura.

Wekundu wa udongo unatokana na chuma kilichomo, kama kutu ya jembe. Rangi hiyo haipauki upesi kwa jua. Udongo wa mfinyanzi ukikauka husinyaa, ndiyo maana hupasuka. Nyuzi za majani zilizomo katika mavi ya ng'ombe huushika, nyufa zikapungua.

Hata wachoraji wa mbali wametumia njia hii. Huko Hispania alikuwako Antoni Tàpies, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2012. Alichanganya rangi na mchanga na unga wa marumaru, kisha akaikwaruza. Picha zake zilifanana na kuta kuukuu. Tena jina lake la ukoo, kwa lugha ya kwao, maana yake ni kuta! Picha zake zimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho.

Hapa kwetu, katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iko michoro ya Wamasai kwenye majabali ya Moru, kusini ya Seronera. Wamechora ngao kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Wamasai walihamishwa hifadhini mwaka 1959, lakini michoro yao ipo hadi leo. Ukifika huko usiishike wala usiandike jina lako juu yake.

Jabali hutunza mchoro, lakini ukuta wa udongo huoshwa na mvua. Tena nyumba za saruji zinaongezeka. Ujuzi wa kusiriba umo mikononi mwa mama na bibi zetu, na wao wanazeeka. Wewe sasa unajua kuandika. Chukua daftari, umuulize bibi: Udongo huu unachimbwa wapi? Unachanganywa na nini? Vipimo vingapi? Alama hii inaitwaje? Yaandike anayokuambia.

Ukitaka kujaribu, angalia mambo mawili. Usichimbe udongo kwa kuingia chini ya ukingo wa shimo, maana unaweza kukuporomokea. Wala usitumie matope ya marudio ya dhahabu, maana yanaweza kuwa na zebaki, nayo ni sumu.