Mdudu Akaushaye Misaipresi, na Adui Wake

Katika mwaka 1990 watu wengi wakaao katika nyanda za juu za Kenya waliona jambo lililowashangaza. Nyua za misaipresi zilizozunguka nyumba, shule na makanisa, ambazo kwa kawaida hukaa na rangi ya kijani mwaka mzima, zilianza kugeuka rangi ya kutu. Mashamba makubwa ya misaipresi katika misitu ya Serikali nayo yakaonekana yana miti iliyokauka, mmoja hapa, kumi kule. Haukuwa moto, wala jua kali peke yake. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa mdudu ambaye urefu wake haufiki nusu ya sentimita.

Yafaa kila mwenye miti amjue mdudu huyo: namna alivyofika, sababu iliyompa nguvu nyingi hivyo, na njia zilizotumiwa kumpunguza. Habari hii si yake peke yake. Ni mfano wa wadudu wote watokao nchi za mbali wakaingia katika misitu yetu, na wengine wa namna hiyo wamekwisha kuja baada yake.

KIDUKARI WA MSAIPRESI

Mdudu huyu ni wa jamaa ya vidukari, ambao watu wengine huwaita chawa wa mimea. Kila mkulima awajua vidukari wa maharagwe na wa kabichi. Huyu ni ndugu yao, ila chakula chake ni msaipresi na miti ya ukoo wake. Ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na urefu wa milimita 2 hadi 4. Hukaa kwa makundi juu ya vitawi, na kwa kuwa rangi yake yafanana na ya gome, apitaye bila kutazama kwa makini hamwoni.

Mdomo wake ni kama sindano. Huudunga katika gome la kitawi akanyonya utomvu, yaani chakula ambacho mti umejitengenezea kwa majani yake. Kama angenyonya tu, labda mti ungeweza kustahimili. Lakini mate yake ni sumu kwa mti, na kitawi kilichodungwa mara nyingi hukauka. Ukavu huanza ndani, karibu na shina, kisha huenea hata kufika ncha za matawi. Tena, utamu unaomzidi mdudu huyo huutoa mwilini mwake kwa matone yanayonata kama asali. Sisimizi huyafuata matone hayo, na ukungu mweusi kama masizi huota juu yake, ukayafunika majani yasipate mwanga wa jua.

Kuzaana kwake ndiko kunakotisha. Katika Afrika majike huzaa bila dume, wala hawatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai. Wakati wa mwaka unaowafaa, kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa siku 25 hivi. Basi majike wachache wakiachwa bila adui, kabla ya kiangazi kwisha huwa maelfu. Wanapokuwa wengi mno juu ya mti mmoja, baadhi yao huota mabawa, wakachukuliwa na upepo mpaka kwenye miti mingine.

ALIVYOFIKA, NA KWA NINI ALIPATA NGUVU

Mara ya kwanza mdudu huyu alionekana katika Afrika nchini Malawi, mwaka 1986. Baada ya hapo habari zake zilisikika Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, na mwaka 1990 akafika Kenya. Hapo kwanza wataalamu walimwita kwa jina la kidukari mwingine ajulikanaye Ulaya. Mwaka 1999, baada ya kupima na kulinganisha wadudu wa nchi nyingi, walithibitisha kwamba ni wa namna yake mwenyewe, na kwamba kwao yaelekea ni katika nchi zilizo kati ya mashariki ya Ugiriki na kusini ya Bahari ya Kaspi.

Msomaji aweza kuuliza: kama huko ndiko kwao, mbona misitu ya huko haikukauka yote zamani? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo shina la jambo hili lote. Kila mdudu katika nchi yake ana adui zake. Wako ndege wamlao, wako mbawakawa wawindao, wako nyigu wadogo watagao mayai ndani ya mwili wake, na iko kuvu imwozeshayo. Adui hao humpunguza kila siku, naye hana nafasi ya kuzidi kiasi. Lakini mdudu asafiripo ndani ya mche au juu ya tawi, adui zake hubaki nyuma. Huingia nchi mpya kama mbuzi waliofunguliwa katika shamba la mahindi lisilo na mlinzi.

Na shamba lenyewe lilikuwa limekwisha andaliwa. Msaipresi wetu nao si mti wa asili ya Kenya; asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Ulipandwa kwa wingi katika karne ya 20 kwa sababu hukua upesi, shina lake hunyooka, na kwa muda wa miaka 30 hivi hutoa mbao nzuri. Hivyo mdudu alipofika alikuta maelfu ya hekta za mti wa namna moja, wa umri mmoja, uliosimama bega kwa bega. Hakuwa na haja ya kutafuta chakula.

HASARA ILIYOPATIKANA

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba miti iliyouawa na kidukari huyu katika nchi za mashariki na kusini ya Afrika ilikuwa na thamani ya dola milioni 44 za Marekani. Ilikadiriwa pia kwamba kila mwaka zilipotea dola milioni 14 na zaidi kwa sababu miti iliyosalia haikukua kama ipasavyo. Hizo ni hesabu za mbao. Lakini msitu si mbao tu.

Kidukari huyu hakuishia kwenye mti wa kigeni. Aliushambulia pia mtarakwa, ambao ndio mwerezi wa asili wa milima yetu, uotao katika nchi kavu za juu kama vile pande za Mau na Aberdare. Mti huu huchukua miaka mingi sana kukua. Nguzo zake hukaa ardhini muda mrefu bila kuliwa na mchwa, na warina asali wa misituni wameutumia tangu zamani kuchonga mizinga. Huko Malawi alishambulia mwerezi wa mlima Mulanje, ambao ndio mti wa taifa la nchi hiyo, na ambao tayari ulikuwa umepungua kwa moto na kukatwa ovyo.

Miti ya mlimani ikifa, madhara hayakomi hapo. Kivuli kikiondoka, jua hupiga chini na nyasi huota kwa wingi. Nyasi zikikauka wakati wa kiangazi, cheche moja hutosha kuleta moto, na moto huua miche ambayo ingalishika nafasi ya miti iliyokufa. Mvua inyeshapo, maji hayanywei ardhini pole pole kama zamani, bali huteremka kwa nguvu yakichukua udongo hadi mtoni. Hivyo mtu akaaye bondeni, asiye na msaipresi hata mmoja, aweza kupata hasara kwa mdudu asiyepata kumwona.

MFANO WA MKARATUSI

Wataalamu walipotafuta dawa ya jambo hili, hawakuanza bila mfano. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1916, fukusi mmoja alaye majani ya mikaratusi alionekana Afrika ya Kusini. Mkaratusi asili yake ni Australia, na fukusi huyo pia. Basi mwaka 1926 waliletwa kutoka Australia vinyigu wadogo mno, ambao urefu wao haupati hata milimita moja. Kazi yao ni kutaga mayai yao ndani ya mayai ya fukusi, hata yai la fukusi likatoa kinyigu badala ya fukusi. Fukusi huyo alipoonekana Kenya mwaka 1944, vinyigu hao waliletwa mwaka 1945 kutoka Afrika ya Kusini, na mikaratusi ikapata nafuu.

Kwa kidukari wa msaipresi ilifuatwa njia iyo hiyo. Walitafutwa Ulaya adui wa vidukari wakaao juu ya miti ya jamaa ya msaipresi, na akachaguliwa kinyigu mmoja. Jike lake humdunga kidukari na kuweka yai ndani yake. Yai huanguliwa, na funza atokaye humla kidukari kwa ndani, hata kidukari akabaki ganda kavu lililovimba. Kisha kinyigu mpya hutoboa tundu la mviringo katika ganda hilo, akatoka kwenda kutafuta vidukari wengine.

Mdudu wa namna hii haachiliwi ovyo. Kwanza hufungwa katika nyumba maalum asipate kutoka, akachunguzwa kama hatadhuru wadudu wenye faida. Kinyigu huyu aliachiliwa Malawi mwaka 1994, akakubali nchi na kuzaana, na Kenya na Uganda nazo zililetewa. Hata hivyo lazima ifahamike kwamba adui wa namna hii hamalizi vidukari wote. Kama angewamaliza, yeye naye angekufa kwa njaa. Kazi yake ni kuwapunguza, ili mti upate nguvu ya kuishi nao. Kidukari wa msaipresi bado yuko nchini.

KWA NINI SI SUMU PEKE YAKE

Wako wasemao, “Mdudu ni mdudu, nyunyiza dawa atakufa.” Kwa ua wa nyumba au kitalu cha miche, dawa yaweza kutumika kwa uangalifu, kwa shauri la mtu ajuaye. Lakini kunyunyizia msitu mzima ni jambo jingine. Gharama yake ni kubwa mno, dawa huteremka mitoni, nyuki hufa. Tena huwaua wale mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, ambao hula vidukari, na hata vinyigu wenyewe. Vidukari waliosalimika hurudi kuzaana kwa wepesi, sasa bila mtu wa kuwazuia. Afanyaye hivyo amemfukuza mwizi pamoja na mlinzi.

YATUPASAYO

Kinga kubwa iko mikononi mwa watu. Mwaka 1968 kidukari mwingine, yule wa sufi nyeupe akaaye juu ya misonobari, aliingia Kenya pamoja na vipandikizi vya misonobari vilivyoletwa kutoka Australia. Mwaka 2002 alionekana magharibi ya Kenya mdudu mwingine wa mikaratusi, naye ni kinyigu, lakini kinyigu adui: hutaga ndani ya majani na vitawi vichanga, vikafanya vivimbe, na miche ikadumaa. Huyu pia asili yake ni Australia, na miche iliyo na vivimbe ikihamishwa, naye huhama. Ndiyo maana sheria za nchi hutaka miti na mbegu zitokazo ng’ambo zikaguliwe. Atakaye kuficha mche ndani ya mfuko wake mpakani afikiri kwanza: kikulacho ki nguoni mwako.

Mwenye miti na afanye haya. Achunguze vitawi vya ndani vya ua wake, hasa wakati wa kiangazi. Akiona ukavu unaoanzia ndani, na sisimizi wengi, na weusi kama masizi, asingoje. Apeleke habari kwa afisa wa misitu aliye karibu. Asichukue matawi wala miche kutoka mahali palipo na ugonjwa kwenda mahali pasipo nao. Miti iliyosongamana aipunguze kwa wakati wake, kwa kuwa mti uliodhoofika hushindwa upesi. Tena asipande mti wa namna moja tu katika shamba lake lote. Achanganye, na miti ya asili iwemo, ili mdudu mmoja akija, asikute karamu nzima imeandaliwa kwa ajili yake.

Mti uchukuao miaka 30 kukua waweza kufa kwa misimu michache. Kinyigu alifanya sehemu yake bila kuombwa mshahara. Lakini hakuna kinyigu awezaye kukagua mche kabla haujapakiwa garini. Kazi hiyo ni yetu.