Swali Moja Katika Hojaji ya Watoaji Damu Nchini Marekani

Makala haya yanafafanua jinsi swali moja katika hojaji ya watoaji damu nchini Marekani lilivyowafungia mlango wanaume mashoga kwa miaka thelathini, na jinsi lilivyoandikwa upya. Mwanafunzi wa lugha ana sababu ya kulichunguza, kwani mgogoro wote ulihusu maneno: mtu aulizwe yeye ni nani, au aulizwe ametenda nini?

Hofu iliyozaa swali hilo ilikuwa na msingi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, UKIMWI ulienea pia kupitia damu, na wagonjwa wa hemofilia waliangamia kwa wingi. Hapakuwa na kipimo kilichoidhinishwa hadi Machi 1985. Mwaka huo, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, ilipendekeza kwamba mwanamume yeyote aliyejamiiana na mwanamume mwenzake tangu 1977, hata mara moja, asitoe damu.

Uzito wa kauli hiyo umo katika "hata mara moja". Aliyefanya tendo hilo mara moja mwaka wa 1978 alikuwa angali amezuiwa mwaka wa 2010. Aliyeishi na mpenzi mmoja wa kiume kwa uaminifu alizuiwa pia, ilhali mwanamume mwenye wapenzi wengi wa kike hakuzuiwa kwa sababu hiyo pekee. Hapo ndipo hoja ya usalama ilipopwaya.

Vipimo navyo vilikuwa vikiboreka. Vya awali vilitafuta kingamwili, ambazo mwili huchukua majuma kadhaa kuzitengeneza. Vipimo vya asidi-nukleiki, vilivyoidhinishwa mwaka wa 2002, hutafuta virusi vyenyewe, na muda ambao maambukizi mapya hayaonekani ukapungua hadi siku kumi hivi. Hata hivyo, kanuni haikulegezwa hadi Desemba 2015, marufuku ilipofanywa kuwa ya miezi 12 tangu tendo la mwisho. Aprili 2020, janga la KOVIDI lilipopunguza akiba ya damu, ikawa miezi 3.

Mabadiliko ya kimsingi yalikuja Mei 2023. Watoaji wote sasa huulizwa maswali yaleyale: je, katika miezi 3 iliyopita umepata mpenzi mpya, au zaidi ya mpenzi mmoja? Anayekubali huulizwa iwapo katika muda huo alifanya ngono kwa njia ya haja kubwa. Akikubali tena, husubiri miezi 3. Yafaa kudokeza kuwa maswali haya yangeweza kuulizwa kwa Kiswahili bila kutaja mwanamume wala mwanamke.

Kwa watu waliobadili jinsia, mwongozo wa 2015 ulikuwa umekwisha kuelekeza kwamba jinsia ya mtoaji ni ile anayojitambulisha nayo mwenyewe. Hata hivyo, jinsia ingali na kazi yake kituoni: kiwango cha chini cha hemoglobini ni gramu 13 kwa desilita kwa wanaume na 12.5 kwa wanawake.

Kizuizi kimoja kimesalia. Mwongozo wa 2023 unamtaka anayemeza dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI asubiri miezi 3 baada ya kidonge cha mwisho, na anayedungwa sindano asubiri miaka 2, kwa kuwa dawa hizo zaweza kuchelewesha virusi kuonekana katika vipimo. Hivyo basi, shoga anayejikinga kwa bidii hurudishwa nyumbani, na sababu ni kinga yenyewe.