Wakili wa Runingani na Sheria Yetu

Mimi na shangazi tulizoea Vioja Mahakamani ya KBC, kesi za kuchekesha. Siku hizi hapa Liwatoni tunatazama tamthilia za Kimarekani, mawakili wakigombania jina la nani litangulie mlangoni. Ugomvi huo sina haja nao. Kinachonikera ni mja mzito aliyefutwa kazi kubebeshwa, katika tamthilia hizo, mzigo wote wa kuthibitisha kwamba alibaguliwa.

“Mwanangu, kwetu pia ni hivyo?” shangazi huuliza.

Sivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 5, humtaka mwajiri athibitishe kwamba hakubagua. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yataja ujauzito waziwazi, pamoja na dini, ulemavu, hata mavazi. Mahakama ya Ajira ipo papa hapa Mombasa, na hoja nyingi huwasilishwa kwa maandishi, bila muziki wa kutisha.