Anabadilisha nambari moja tu, siri zako za kazi ziko nje

UKIPATA kazi leo, kitu cha kwanza HR atakuitisha ni stakabadhi: kitambulisho, PIN ya KRA, nambari za NSSF na SHA, akaunti ya benki na simu ya jamaa wa karibu. Siku hizi hupeleki bahasha. Unapakia kila kitu kwenye tovuti ya kampuni, unabonyeza 'tuma', unasahau.

Lakini nani mwingine anaweza kuzifungua?

Kampuni nyingi ndogo hutumia WordPress, mfumo uliozinduliwa 2003 na ambao sasa unaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Fundi haandiki kila kitu upya. Anapachika plagini, yaani programu ndogo inayoongezea tovuti kazi fulani: kupokea maombi ya kazi, kuhesabu likizo au kutunza hati za mshahara. Nyingi ni za bure. Shida ni pale plagini inapochunga lango kuu na kusahau milango ya ndani.

Chukua mfano wa jumba la ofisi pale tao. Soja anakagua kitambulisho chako, anakuandika kitabuni, unapita. Sasa tuseme ukishapita, kila ofisi iko wazi, hadi ya mhasibu. Soja amejua wewe ni nani, ila hakuna aliyeuliza unaruhusiwa kuingia wapi.

Plagini mbovu hufanya vivyo hivyo. Inakagua tu kama mtu ameingia kwa akaunti, haikagui cheo chake. Basi hata aliyejisajili juzi kama msomaji wa kawaida anaweza kuitisha orodha ya wafanyakazi na mishahara yao, na akapewa. Au faili yako iko kwenye anwani inayoishia 1045. Mtu anaandika 1044, ya mwenzako inafunguka.

Udhaifu huu si wa plagini pekee. OWASP, shirika linaloorodhesha hatari kuu za usalama wa tovuti, liliuweka nambari moja mwaka wa 2021 kutoka nafasi ya tano.

Mnamo 2025, watafiti Ian Carroll na Sam Curry waliuchunguza McHire, mfumo ambao McDonald's hutumia kuajiri watu. Waliingia kwa nywila '123456'. Kisha wakapunguza nambari ya ombi, na taarifa za mwombaji mwingine zikatokea: jina, simu, baruapepe. Maombi yaliyokuwa hatarini yalikadiriwa kuwa milioni 64. Waliripoti, na pengo likazibwa.

Wewe usijaribu hayo kwenye tovuti ya mtu. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao inaweza kukufunga miaka mitatu au kukutoza faini ya hadi Sh5 milioni kwa kuingia mfumo bila idhini.

Ila sheria pia iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza data yako inatumiwaje na kuiona. Kampuni haifai kuihifadhi kuliko inavyohitajika. Data ikivuja na kuna hatari ya kukudhuru, kampuni ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

Kwa hivyo, kama ndio unaomba kazi tu, usipakie PIN na akaunti ya benki. Hizo ni za aliyeajiriwa. Kwenye nakala ya kitambulisho andika imetolewa kwa nani na lini. Ukikosa kazi, andikia kampuni ifute faili yako.

Na kama wewe ndiye fundi wa tovuti, kagua ruhusa kwa kila ombi, si mlangoni tu. Sasisha plagini kila toleo jipya likitoka, na ile usiyotumia ifute kabisa; kuizima tu hakutoshi. Kisha fungua akaunti ya majaribio isiyo na cheo, ujaribu kusoma mshahara wa bosi. Ukiuona, kazi yako haijaisha.