Kuhalalisha au Kuruhusu Kisheria?

Katika makala haya tunakusudia kueleza ugumu wa kufasiri habari za poka, mchezo wa karata unaochezwa kwa kuwekeana fedha. Mwaka 2006 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia malipo ya kamari ya intaneti iliyokatazwa. Mwaka 2011 serikali kuu iliwashtaki wenye kampuni tatu kubwa za mchezo huo. Wachezaji wa kawaida waliendelea kuwaandikia wabunge wa majimbo yao, na mwaka 2013 poka ya intaneti ikaanza kuchezwa kwa leseni Nevada, Delaware na New Jersey.

Mfasiri huweza kuandika: “Wananchi wa mashinani wanataka kamari ihalalishwe katika ngazi ya jimbo.” Sentensi hiyo ni ya Kiswahili. Hata hivyo, msomaji wa Wingwi, kaskazini ya Pemba, ataelewa mambo mengine kabisa.

(a) Jimbo. Wingwi yenyewe ni jimbo, yaani eneo la kumchagua Mwakilishi na Mbunge, halitungi sheria. Jimbo la Marekani lina bunge, mahakama na gavana wake.

(b) Mashinani. Neno hili limezoeleka sana Kenya. Kwetu Tanzania, shina ni ngazi ya chini ya chama, na msomaji aweza kudhani kwamba ni chama kinachodai.

(c) Kuhalalisha. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Halali na haramu ni maneno ya sheria, lakini kwanza ni maneno ya dini. Bunge laweza kuondoa adhabu. Haliwezi kuifanya kamari kuwa halali mbele ya Mwislamu. Mfasiri asiyetofautisha mambo haya huwasingizia wabunge jambo wasilolifanya, na humkasirisha msomaji bila sababu.

(d) Kamari. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, limebeba lawama. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 hutumia “michezo ya kubahatisha”. Istilahi hiyo yafaa katika sheria, ila haifai hapa, kwani hoja kuu ya wachezaji wale ilikuwa kwamba poka ni mchezo wa ustadi, si wa bahati. Ukiandika “kamari” umekwisha kuwahukumu. Ukiandika “kubahatisha” umekwisha kuwakanusha.

Kwa hiyo tunapendekeza: “Wachezaji wa kawaida wanataka mabunge ya majimbo ya Marekani yaruhusu kisheria mchezo wa poka wa fedha katika intaneti.”

Sentensi hii ni ndefu zaidi, lakini haimtetei mchezaji wala haimlaani. Kazi ya kupima tumwachie msomaji. Yetu ni kumfikishia jambo lenyewe. Walimu na watumishi wa serikali wenye istilahi bora zaidi tunawaomba watuletee.