"Nimesomesha watoto 300": ni kwa pesa ya nani?

Kila msimu wa kampeni lazima utasikia mgombea akisema, "Mimi nimesomesha watoto 300 hapa kijijini." Makofi. Halafu humu tunabishana mpaka usiku kama ana roho safi au anajipigia debe. Mimi roho yake siijui. Swali langu ni moja tu: kwa pesa ya nani?

Kama ni yake, ama ya shirika, sawa kabisa. Huo ni ufadhili. Mtoto anachaguliwa, analipiwa karo, anamwandikia mfadhili barua. Na msiudharau: utafiti uliochapishwa 2013 katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ulionyesha watoto waliofadhiliwa walisoma zaidi ya mwaka mmoja kuliko wangesoma bila ufadhili. Ila mfadhili akichoka, mtoto anaachwa kwa mataa. Na ndugu zake wanaolala njaa nyumba hiyo hiyo hawako kwa hesabu.

Lakini mara nyingi mgombea anaongelea basari ya CDF. Mfuko huo ulianza 2003, na sheria inautengea angalau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali kuu. Hiyo ni kodi yako, mpaka ile ya kredo unayotumia kusoma hii thread. Mheshimiwa hakutoa mfukoni. Bado hundi inapeanwa uwanjani, wazazi wamepangwa kwa laini, wakina mama wanaimba.

Nikiwa kidato cha pili nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mama alienda ofisi ya basari siku tatu, na kutoka kwetu ni kutembea saa mbili. Nikapata 4,000. Jirani yetu, msichana aliyekuwa akinishinda darasani kila muhula, hakupata kitu, juu mama yake hakujua mtu yeyote kwa kamati. Aliacha shule muhula huo. Sijawahi kusikia mgombea akitaja idadi ya waliokosa.

Sasa kuna pesa nyingine ambayo haina makofi: Inua Jamii. Ile ya mayatima ilianza kama majaribio 2004. Kuna ya wazee wa miaka 70 na zaidi, na ya watu wenye ulemavu mkubwa. Ya mayatima inaenda kwa mlezi, 2,000 kwa mwezi, na nyanya mwenyewe anaamua kama mwezi huu ni unga ama ni sare ya shule. Familia nzima inakula. Hakuna mtu wa kuimbiwa.

Na hii si hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu na wanaowategemea. Shida ni kwamba pesa huchelewa miezi, na 2,000 ya leo hainunui kile ilinunua miaka kumi iliyopita. Nani amewahi kuulizwa hilo kwa mdahalo?

Kwa hivyo akija kwenu na hizo 300 zake, mwambieni alete orodha. Nani alikaa kwa kamati? Wangapi waliomba wakakosa? Na malimbikizo ya wazee wa wadi yenu yatalipwa lini?

Akijibu, mnitag. Nataka kumsikia.